Zawadi Iliyogeuzwa Deni

Karatasi ya mwito, ambayo kwetu Mpofi watu huiita konvokasio, ni kitu kidogo. Ni nusu ya ukurasa tu: pana muhuri, jina la anayeita, jina la anayeitwa, siku ya kufika, na maneno machache ya sababu. Ikitoka kwa mtu baki, mwenye kuipokea hukasirika, hutafuta mashahidi wake, hujitayarisha. Bali jina la anayeita likiwa ni la baba mdogo, au la mjomba, au la dada aliyembeba mgongoni, na sababu iliyoandikwa ni "deni la fedha", hapo nguvu humwishia. Maana fedha hizo azikumbuka vema. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru, wala siku ile hakuna aliyetamka neno deni.

Mambo ya namna hii si mageni katika milima ya Masisi wala katika misitu ya Walikale, nasi wa Mpofi, tulio kati ya hizo mbili, tumeyaona ya kutosha. Tumeona yafaa tuyaeleze kwa urefu, kwa sababu wengi wapatao karatasi hiyo hushika njia mbaya. Wengine hulipa haraka kwa hofu na aibu, na hivyo huupigia uongo muhuri. Wengine hujibu kwa matusi, na watu waliokuwa wakila sahani moja huanza kupishana njiani bila salamu. Iko njia nyingine, nayo yataka ukweli, uvumilivu, na maarifa kidogo ya sheria.

Tuchukue kisa kimoja. Majina twayaacha, kwa kuwa wahusika wangali hai na husali katika kanisa moja. Kijiji chao ki kando ya barabara itokayo Masisi, ikipita Nyabiondo, kuelekea Walikale. Mtoto mmoja alifiwa na baba yake angali katika shule ya msingi. Baba yake mdogo alikuwa na mali kidogo wakati huo, kwani alikuwa akifanya biashara huko Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, ambako madini ya bati yaligunduliwa mwaka 2002 na maelfu ya watu wakamiminika kuchimba. Yeye hakuchimba. Aliuza chumvi, sabuni na mafuta ya mawese, akarudi nyumbani na dola. Kwa fedha hizo alimsomesha mtoto wa marehemu kaka yake katika shule ya uuguzi miaka minne, tangu mwaka 2006, akilipa minervali muhula kwa muhula. Jirani walimsifu. Naye mwenyewe, siku moja katika sala ya shirika lao, alisema mbele ya wote kwamba mtoto wa kaka si mtoto wa mtu mwingine.

Kisha mwezi wa Septemba 2010 serikali ilikataza uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Katazo liliondolewa mwezi wa Machi 2011, lakini miezi hiyo ilitosha kumfilisi, kwa kuwa bidhaa zake nyingi zilikuwa zimekopwa na wachimbaji, nao wakatawanyika kila mtu na njia yake. Kijana wakati huo amekwisha pata diploma yake na kazi katika kituo cha afya. Miaka ikapita. Mwaka 2019 watoto wa baba mdogo walitaka karo ya sekondari. Kijana akatoa kidogo, mara moja, mara mbili, kisha akaacha, akisema mshahara haufiki. Ndipo karatasi ikafika: dola 840 "zilizokopeshwa kwa masomo", pamoja na dola 200 za pikipiki. Twamwomba msomaji aikumbuke hiyo pikipiki, kwani ndiyo iliyokuja kuleta ugumu.

Mtu asidhani kwamba yule baba mdogo alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Alipokuwa nacho alitoa kwa moyo mweupe. Lakini umaskini ni karani mbaya. Mtu aliyefilisika hukaa usiku akihesabu kila kilichotoka mkononi mwake, na katika hesabu ile ya gizani zawadi na mkopo hulala kitanda kimoja. Hujiambia: "Kama ningekuwa na zile dola leo, nisingekuwa hivi." Kisha: "Yule ndiye aliye nazo." Kisha: "Basi arudishe." Hatua hizo tatu ni fupi, na mwenye kuzipitia haoni ni wapi alipoiacha kweli.

Tena tuseme wazi: hapakosi haki fulani katika malalamiko yake. Kwetu zawadi ya kumsomesha mtoto wa ndugu haitolewi kama jiwe litupwalo mtoni. Hutolewa kwa tumaini kwamba aliyeinuliwa atawainua wadogo zake. Mtakatifu Thomasi wa Akwino, katika mafundisho yake juu ya shukrani, alitenga madeni mawili: deni la sheria, ambalo hakimu aweza kulidai kwa nguvu, na deni la adabu njema, ambalo mwungwana hulilipa kwa sababu ni mwungwana. La kwanza lina kiasi na siku. La pili halina kiasi wala siku, na siku mtu anapolitia kiasi na siku, limekwisha kuwa kitu kingine. Kijana wetu alikuwa na deni la pili, tena kubwa. Lakini karatasi ilidai la kwanza.

Je, sheria ya nchi yasemaje? Mikataba na madeni katika Kongo bado yafuata amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyo nzee kuliko babu zetu wengi. Kanuni yake ni hii: anayedai kwamba mwenzake ana wajibu wa kumlipa, ni juu yake kuuthibitisha wajibu huo. Kwa hiyo yule aliyeitwa hana kazi ya kwanza ya kuthibitisha kwamba alipewa bure. Mdai ndiye mwenye kuonyesha kwamba alikopesha. Na kwa kiasi kinachopita mpaka mdogo uliowekwa, sheria yataka maandishi, wala haitosheki na maneno ya mashahidi peke yao.

Hapo vijana wengi hushangilia upesi mno. Husema: "Hana karatasi, nimeshinda." La, wasikimbie hivyo. Sheria hiyo hiyo yakubali kwamba pengine mtu hakuweza kuandikiana na mwenzake, na hakimu aweza kuona kwamba ujamaa wa karibu ni sababu ya namna hiyo. Nani kwetu amwandikishaye karatasi mtoto wa kaka yake? Kama yako maandishi mengine, hata barua fupi yenye maneno "nitakurudishia", hayo ni mwanzo wa ushahidi. Na siku hizi simu zimeongeza jambo jingine. Ujumbe wa M-Pesa au wa Airtel Money wathibitisha kwamba fedha zilipita kutoka mkono huu hadi ule, siku fulani, saa fulani. Haudhihirishi kwa nini zilipita. Tumesikia watu wakiinua simu mbele ya wazee kana kwamba wameinua hati ya mkopo. Sivyo. Lakini ujumbe wa sauti au wa maneno uliotumwa siku ile ile waweza kusema mengi, na asiufute mtu kwa haraka, kwani pengine ndio utakaomwokoa.

Zawadi nayo ina sheria yake. Kitabu cha sheria ya jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichorekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, kimezishughulikia zawadi pamoja na urithi. Tena chajua wajibu wa jamaa kulishana na kusaidiana, jambo linaloonyesha kwamba fedha ipitayo kati ya ndugu haihesabiwi kwanza kuwa biashara. Na kwa fedha taslimu, wanasheria wa Ubelgiji na Ufaransa, ambao mawazo yao yameijenga sheria yetu, wafundisha kwamba kukabidhi mkononi kwa nia ya kutoa ndiko kunakoitimiza zawadi. Waislamu wa pwani, ambao huiita hiba, nao huangalia mambo matatu: mtoaji ametamka, mpokeaji amekubali, kitu kimekabidhiwa.

Basi, zawadi iliyotimia yaweza kurudishwa kamwe? Yaweza, lakini kwa sababu nzito tu. Kaisari Yustiniano, katika sheria aliyoitoa mwaka 530, alizitaja: mpokeaji akimtukana mtoaji matusi makubwa, akimpiga, akimharibia mali kwa hila, akitaka kumwua, au akikataa kutimiza sharti alilolipokea pamoja na zawadi. Akaongeza jambo ambalo jamaa zetu wengi wangefaa kulisikia: malalamiko hayo ni ya mtoaji mwenyewe, wala warithi wake hawawezi kuyaanzisha baada ya kufa kwake. Kitabu cha sheria cha Wafaransa cha mwaka 1804 kilifuata njia hiyo karibu yote, kikasema tena kwamba mwenye kulalamikia utovu wa shukrani asikae zaidi ya mwaka mmoja. Twaona basi kwamba tangu zamani wenye hekima waliogopa jambo moja: mtu kuikalia zawadi yake kimya miaka na miaka, kisha kuinuka nayo kama panga siku anapogombana na aliyempa.

Sharti lililofungwa pamoja na zawadi ni jambo la kuangaliwa sana. Watanzania wameliandika wazi katika sheria yao ya ndoa ya mwaka 1971. Mtu aliyetoa zawadi kwa ajili ya ndoa ambayo mwishowe haikufungwa aweza kuidai mahakamani, lakini kama tu alitoa kwa nia kwamba zawadi itategemea kufungwa kwa ndoa hiyo. Ikiwa sivyo, hapati kitu. Hapo hakimu haulizi tu fedha ilikwenda wapi. Auliza siku ile ilipotolewa ilifungwa na kamba gani.

Na mahari je? Hapo ndipo fedha ya jamaa hudaiwa zaidi kuliko penginepo, na ng'ombe na mbuzi pamoja nayo. Katika Uganda shirika la Mifumi lilikwenda mahakamani mwaka 2007 likipinga desturi za mahari. Lilishindwa mwaka 2010, likakata rufani, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikatoa hukumu. Mahari yenyewe waliiacha isimame. Lakini kudai irudishwe ili ndoa ya kimila ipate kuvunjwa, waamuzi sita kati ya saba walisema ni kinyume cha Katiba, kwani kwamfanya mwanamke kuwa kama kitu cha sokoni. Hukumu ile si sheria ya Kongo. Twaitaja kwa sababu yaonyesha kwamba hata desturi nzito ya wazee yaweza kuulizwa swali lile lile: mlitoa, au mliazimisha? Nayo Katiba yetu ya mwaka 2006 yaruhusu mahakama kufuata mila, maadamu mila hiyo haipingi utengemano wa watu wote wala tabia njema.

Turudi kwa mwuguzi wetu. Mkewe alimshauri auze nguruwe wawili na pikipiki, alipe, wapate amani. Shauri hilo lilikuwa la upendo, na wako wengi ambao wangelisifu kuwa la Kikristo. Sisi hatulisifu. Mtu aweza kusamehe anachodaiwa kwa uongo, aweza hata kutoa mara mbili yake kwa hiari, lakini kuandika "nalipa deni" mahali ambapo hapakuwa na deni ni kushuhudia uongo, na Amri ya nane haikusema kwamba uongo waruhusiwa kama wanufaisha mwenzako. Tena amani ya namna hiyo haidumu. Jamaa wengine watatu waliokuwa wamechangia chochote katika masomo yake walikuwa wakitazama waone mambo yataishaje.

Wengine watatuletea Mtakatifu Paulo, aliyewakemea Wakristo wa Korinto kwa kushtakiana, akaona heri mtu adhulumiwe. Maneno yale tuyasome kwa makini. Paulo awakemea hasa wanaokwenda kushtaki, akiuliza kama hakuna hata mwenye hekima mmoja kati yao awezaye kuamua kati ya ndugu. Naye mwenyewe aliposhtakiwa kwa uongo hakunyamaza: alijitetea mbele ya Festo, akakata rufani kwa Kaisari. Kuitwa si kushtaki. Aliyeitwa na akaenda kusema kweli hajavunja upendo wowote.

Naye hana budi kwenda. Kuidharau karatasi ya mwito ni upumbavu, maana kesi yaweza kusikilizwa bila yeye. Lakini aangalie ni nani aliyemwita. Yule baba mdogo, kabla ya kufikia wazee, alikuwa amepitia kituo kimoja cha polisi, na huko kijana aliwekewa karatasi nyingine mbele yake: akiri deni kwa sahihi yake, kisha aende zake nyumbani. Alikataa, akakaa benchini hadi jioni. Twampa heshima kwa benchi lile. Sahihi moja ya kukiri deni, iliyotiwa kwa kuchoka na njaa, hugeuza kesi nzima juu chini, kwani sasa mdai ana maandishi ambayo hakuwa nayo asubuhi.

Kila kijana wa shule na ajifunze hili: deni si kosa la jinai. Mkataba wa mataifa juu ya haki za raia, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, wakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mkataba. Watu hutaja kosa la kuvunja uaminifu, lililomo katika kitabu cha jinai. Kosa hilo lahusu mali ambayo mtu alikabidhiwa kwa sharti la kuirudisha au kuitumia kwa kazi maalumu, naye akaila kwa hila. Karo ya mtoto iliyolipwa na baba yake mdogo katika ofisi ya shule, fedha ambayo mtoto hata hakuishika, yaingiaje hapo?

Na wako wanaopeleka madeni ya jamaa kwa watu wenye bunduki. Hilo twalilaani bila kuzunguka. Nchi yetu imeona vikundi vingi vya silaha, na tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025 njia ya kumfikia hakimu wa serikali ilizidi kuwa ngumu. Twaelewa kwamba mtu akikosa hakimu hutafuta mwenye nguvu. Lakini anayemwita mwenye bunduki amuulize ndugu yake juu ya dola 800 hajui ni nini kitakachoulizwa baadaye, wala ni nani atakayelipa gharama za muulizaji.

Mambo ya kijiji kile yaliishia katika barza, chini ya mti ulio karibu na kanisa: wazee watatu, mkuu wa shirika, na katekista. Kesi ilichukua siku mbili. Mzee mmoja aliuliza kwanza mtoto alikuwa na umri gani siku minervali ya kwanza ilipolipwa. Miaka 14. Na sheria ya jamaa yamhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Basi, kama ulikuwa mkopo, nani aliyekopa? Mtoto hawezi kufunga mkataba. Mama yake hakuulizwa. Mwingine akataka kujua kama tangu mwaka 2010 hadi 2019 baba mdogo alimwambia mtu yeyote, hata mkewe, kwamba fedha ile itarudi. Kimya. Mkewe akatazama chini.

Palizuka pia ubishi juu ya kiasi. Shangazi yake kijana alisimama akasema kwamba yeye alimlipia marehemu kaka yake shule wakati wa Zaire, naye ahesabiwe. Wazee walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za zamani milioni 3, na mwaka 1998 faranga moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Kwa hiyo faranga moja ya mwaka ule ni zaire bilioni 300 za zamani. Shangazi alikaa chini, akacheka naye.

Halafu baba mdogo, alipobanwa, akatoa neno ambalo halikuwa katika karatasi. Kijana alijenga nyumba ya mabati. Siku ya kuibariki alialika wafanyakazi wenzake wa kituo cha afya, na padre, na mashemeji. Baba mdogo alisikia habari zake kwa mpita njia. "Nilisikia nyimbo nikiwa shambani," alisema. Hapo ndipo barza lilipoijua kesi. Kijana hakujitetea. Alipiga goti mbele yake, jambo ambalo polisi hawakuweza kumfanya alifanye kwa siku nzima.

Ikabaki pikipiki. Dola 200 hizo zilitolewa mwaka 2014, kijana akiwa mtu mzima wa miaka 22, na mbele ya jirani baba mdogo alisema: "Utanirudishia ukianza kubeba abiria." Kijana alikwisha rudisha 50. Twajua, kwa kuwa yeye mwenyewe alikiri, kwamba alikuwa amekusudia kukana na hizi pia. Alijiambia kwamba mtu aliyesema uongo wa dola 840 hastahili kweli ya dola 150. Kishawishi hicho ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Mwenye haki katika jambo kubwa hudhani ameruhusiwa kuiba katika dogo. Katekista alimkumbusha Amri ya saba kwa maneno matano au sita tu, akanyamaza. Kijana akalipa 150 kwa mara tatu, na kila mara mkuu wa shirika aliandika.

Zile 840 baba mdogo aliziondoa mwenyewe. Na kijana alisema kwamba atamsomesha mmoja wa wadogo zake hadi diploma. Wazee wakamwuliza mara mbili kama asema hivyo kwa hiari au kwa hofu, kisha wakataka jambo hilo nalo liandikwe, lisije likaitwa baadaye malipo ya zile 840, ambazo hazikuwa deni.

Wengine waliona kuandikiana na ndugu ni kukosa imani. Hao na wafungue kitabu cha Tobiti. Mtu mwema yule aliacha talanta 10 za fedha kwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Media. Katika Biblia ya Kilatini iliyosomwa na Kanisa kwa karne nyingi, Gabaeli ni mtu wa kabila lake aliyekuwa na shida, naye Tobiti alimkopesha. Katika maandishi ya Kigiriki ni amana iliyowekwa kwake. Hata watafsiri watakatifu, basi, waliweza kutofautiana kama fedha ilikopeshwa au iliwekwa! Lakini juu ya jambo moja wote wapatana: palikuwa na hati. Kigiriki chaeleza kwamba hati hiyo iligawanywa vipande viwili, kila mtu akachukua chake. Ikapita miaka 20. Tobiti akawa kipofu na maskini, kama yule baba mdogo wetu, lakini hakuhitaji kuhesabu gizani. Malaika Rafaeli alikwenda na hati mkononi, na Gabaeli akaitoa mifuko, mihuri yake ikiwa bado mizima.

Kwa zawadi maneno hayahitaji kuwa mengi. Karatasi ya daftari yatosha, na mashahidi wawili wasio wa nyumba moja. Wazee wa barza lile waliandika hivi, nasi twayatoa maneno yao bila majina ili mwenye kuyahitaji ayanakili: "Mimi, mtoto wa fulani, nalipa minervali ya mdogo wangu, mtoto wa baba yangu mdogo, katika shule aliyoichagua, mpaka amalize. Natoa bure. Si malipo ya deni, wala si mkopo. Nikishindwa mwaka mmoja, nitasema mapema. Mimi wala watoto wangu hatutaidai." Tarehe ikafuata, na sahihi, na alama ya kidole ya baba mdogo, ambaye hakusoma. Nakala moja ilibaki kwake, nyingine kwa kijana, na ya tatu katekista aliitia katika daftari la shirika, pamoja na orodha ya wabatizwa wa Pasaka.